Watu wa Nyumba ya Akal

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Akal aliteka maji bombani, akakoroga uji, kisha akamlisha mdogo wake Atiir kijiko baada ya kijiko. Atiir alikuwa na miaka minane, lakini hakuweza kutembea wala kusema. Mama yao aliuza mboga Kakuma na kurudi nyumbani Kanamkemer Jumamosi tu. Bibi naye alikuwa haoni vizuri. Kwa hiyo wenzake walipobaki uwanjani kucheza jioni, Akal alikimbilia nyumbani.

Siku moja alimsikia msichana darasani akiuliza, "Yule mtoto wao ni mtu kweli?" Wengine wakacheka. Tangu hapo Akal alikula chakula cha mchana peke yake, na hakumtaja Atiir kwa yeyote.

Alasiri moja mhudumu wa afya, Mama Akoru, alipiga hodi. Alikuwa akiandika watu wa kila nyumba ili wapewe vyandarua. Aliyemwonyesha njia alikuwa Ebyan, binti wa mwenye duka, mwanafunzi mgeni aliyeanza kukaa dawati moja na Akal.

"Ejok, Akal," Mama Akoru alimsalimu kwa Kiturkana. " Mnalala watu wangapi humu?"

Akal alimtupia jicho Ebyan. "Watatu. Mama, bibi na mimi."

Atiir aliposikia sauti ya dada yake alicheka huko ndani, kicheko chake kizito cha kukwaruza.

"Nini hicho?" Ebyan akauliza.

"Mbuzi," Akal akajibu. "Ni mgonjwa."

Mama Akoru akaandika, wakaenda zao.

Akal alipoingia, Atiir alimnyooshea mkono kutoka mkekani. Mbu wawili walikuwa wametua mguuni mwake naye hakuweza kuwafukuza. Akal akawafukuza. Siku nzima hakuna aliyefurahi kumwona ila huyu, naye amemwita mbuzi!

Akatoka mbio, akawakuta nyumba ya tatu.

"Mama Akoru, nimekudanganya. Tuko wanne. Yule si mbuzi, ni mdogo wangu Atiir."

Mama Akoru akarudi na Akal, akachuchumaa kando ya mkeka. "Ejok, Atiir," alisema, kisha akangoja, kama anavyongojwa mtu yeyote ajibu. Atiir akamkodolea macho, akamshika kidole.

"Sikiliza, Akal," Mama Akoru alisema. "Kutembea na kusema siko kunakomfanya mtu kuwa mtu. Mtoto mchanga hajui lolote, na bado tunampa jina. Atiir ni mtu, ukimtaja usimtaje. Uongo wako ungemnyima chandarua tu. Umefanya vyema kuja kuusahihisha."

Ebyan hakuingia ndani. Kwa siku tatu hakusema neno na Akal, ingawa hakuhama dawati.

Siku ya nne aliuliza polepole, "Huwa anakula nini?"

"Uji," Akal akajibu. "Hapendi sukari nyingi."