Kiraka cha Felisita

"Usiizime! Tafadhali, usiizime kwanza!"

Sauti hiyo ilitoka kwa msichana aliyesimama nyuma kabisa ya foleni, na aliyeshangaa kuliko wote kuisikia alikuwa yeye mwenyewe. Felisita Luhende hakuwa mtu wa kupaza sauti. Chuoni Mwanza, alikosomea stashahada ya kompyuta, kuna walimu waliomaliza muhula bila kujua anaongeaje. Lakini asubuhi ile, katika kituo cha kununulia pamba pembeni mwa mji wa Bariadi, kati ya mafurushi, mikokoteni ya ng'ombe na wakulima waliochoka kusubiri, alijipenyeza kwa viwiko mpaka mbele ya meza ya karani.

Juu ya meza kulikuwa na kompyuta iliyounganishwa na mizani. Kioo chake kilikuwa cheusi, kimejaa mistari ya maandishi meupe. Kijana mrefu mwenye shati la bluu lililonyooshwa vizuri alikuwa ameshaweka kidole juu ya swichi.

"Dada, imeganda," kijana alisema. "Nikiiwasha upya itafanya kazi."

"Halafu itaganda tena."

"Ndiyo. Itaganda tena."

"Basi hayo maandishi ndiyo yanayosema kwa nini. Hayajahifadhiwa popote. Ukizima, yamepotea. Niache nipige picha."

Mzee mmoja aliyekalia furushi lake alifoka, "Mayu, sisi tumekuja kuuza pamba, hatukuja kupiga picha!"

"Baba, nivumilie kidogo," Felisita alijibu. Alifunika swichi kwa kiganja, na kwa mkono wa pili akatoa simu. "Mama yangu naye yuko kwenye foleni, ametoka Nkoma alfajiri. Mkiiwasha harakaharaka leo, na kesho mtasimama hapa hapa."

Wakulima walinung'unika. Hakuuondoa mkono. Alipiga picha, akaikuza kuhakikisha kila mstari unasomeka, ndipo akarudi nyuma hatua moja.

Kijana alikuwa hatazami tena mashine. Alikuwa anatazama gauni la kitenge lenye maua ya njano, raba nyeupe zilizogeuka rangi ya vumbi, na kipande cha pamba kilichonasa kwenye nywele zilizosukwa twende kilioni.

"Umejuaje kwamba ni kerneli iliyokufa?" aliuliza.

"Imeandika yenyewe. Mstari wa kwanza."

Kijana alicheka. "Naitwa Gilbert Nkinda. Mimi ndiye niliyewafungia mfumo huu."

"Pole," alisema Felisita, kisha aibu ikamrudia yote kwa pamoja, akainamia raba zake.

*

Gilbert alikuwa mtoto wa Lamadi, wa familia ya wauza samaki, na kazi yake ilikuwa kufunga mashine za mizani katika vituo vya pamba. Felisita alifanya kazi katika steshenari ya Domitila karibu na stendi: kuchapa barua, kupiga picha za pasipoti, kufufua kompyuta zilizokata tamaa. Kesho yake Gilbert alifika pale na kompyuta ya mizani kwapani.

"Nimekuletea mgonjwa," alisema.

Mfumo endeshi wa mashine ile ulikuwa huria. Msimbo wa kiini chake, yaani kerneli, uko wazi, na mtu yeyote duniani anaweza kuusoma, kuukosoa na kutuma marekebisho yake, ambayo wenyewe huyaita viraka. Gilbert alishawahi kutuma viraka vidogo vikapokelewa. Felisita alikuwa msomaji tu. Tangu chuoni alisoma kimyakimya barua za watengenezaji wa kerneli kama wenzake walivyosoma hadithi za mapenzi.

Toleo la zamani la kerneli lilikuwa haligandi. Jipya liligandisha mashine. Katikati kulikuwa na mabadiliko maelfu, na moja kati ya hayo ndilo lililokuwa na kosa. Dawa yake ni kukata nusu: unachukua badiliko la katikati, unajenga kerneli, unajaribu. Ikiganda, kosa limo katika nusu ya mwanzo. Isipoganda, limo katika nusu ya pili. Kisha unakata nusu hiyo tena. Kila kerneli ilichukua muda mrefu kujengeka, umeme ulikatika ulipotaka, na katika kungoja huko watu wawili hawakosi la kuzungumza.

"Hii kompyuta inaumwa au mmeamua isipone?" Domitila aliuliza siku moja, akikata karatasi. "Mbona mgonjwa mmoja anatibiwa na madaktari wawili, na madaktari wanatazamana?"

"Dada Domi, tunasubiri kerneli," Felisita alisema.

"Haya, subirini. Mimi namsubiri mteja na wala sijapaka mafuta ya mdomo."

Gilbert aliposafiri kwenda Nyashimo kufunga mizani, simu zilichukua nafasi yake, na kila moja ilianza kwa salamu ya Kisukuma.

"Mwadila, fundi wangu."

"Mwadila. Imeganda?"

"Hata hujaniuliza kama nimekula!"

"Umekula?"

"Bado."

"Nenda ukale. Imeganda?"

"Feli, siku nikifa utauliza kwanza kama niliandika kilichoonekana kwenye kioo."

"Nitakupiga picha kabla hawajakugusa," alisema Felisita, na cheko la Gilbert likamfuata mchana kutwa.

Kosa walilikuta katika dreva ya kebo ya mizani, ule msimbo mdogo unaoiwezesha kerneli kuzungumza na kebo. Mashine ilipolala ili kuokoa betri, dreva ilirudisha kumbukumbu iliyokuwa ikitumia. Mashine ilipoamka, dreva ilirudi kuandika mle mle, kama mpangaji anayeingia chumba alichokwisha kukabidhi funguo. Aliyeligundua ni Felisita. Kiraka cha kulitibu akakiandika yeye, kifupi, kikakaa katika mistari michache. Siku hiyo Gilbert aliutoa uzi wa pamba nywelini mwake, ingawa msimu ule kila mtu Bariadi alikuwa na pamba nywelini, na mkono wake ukachelewa kuondoka.

"Sasa kitume," alisema.

"Kesho."

"Feli."

"Wale watu ni wakali, Gilbert. Wanamjibu mtu mbele ya dunia nzima. Nimewasoma miaka. Kesho."

Kesho ikazaa kesho nyingine. Kiraka kilikaa kwenye flashi, Felisita akampa Gilbert nakala ili akijaribu kwenye mashine zake za Nyashimo. Kilifanya kazi vizuri. Kila alipopiga simu alimwambia hivyo, na kila alipoambiwa Felisita alifurahi, na hakutuma.

*

Simu ya siku ile iliita akiwa anachapa mwaliko wa harusi ya mteja.

"Mpenzi, kaa chini," sauti ya Gilbert ilikuwa inachekelea. "Kiraka chako nimekituma! Msimamizi wa dreva amekiweka kwenye foleni ya toleo lijalo. Ameuliza swali moja tu. Kwa nini tunafuta kazi zinazosubiri kabla ya kurudisha kumbukumbu, si baada yake? Nimjibuje?"

Felisita aliacha kuchapa. Alikuwa ameshafungua ukurasa wa barua zile zile alizozisoma miaka yote. Kiraka chake kilikuwapo, neno kwa neno, hata maelezo aliyoyaandika na kuyafuta mara nyingi. Juu yake, penye jina la mwandishi, palisomeka: Gilbert Nkinda. Chini kabisa, penye mstari wa sahihi ambao kila mtumaji huuweka kuthibitisha kwamba kazi ni halali yake, palisomeka tena: Gilbert Nkinda.

"Feli? Uko hewani?"

"Umeandika jina lako."

"Wapi?" Kisha, polepole, "Ah. Mashine. Nilikinakili kwangu, na mashine inaweka jina la mwenye mashine. Sikuangalia, Feli. Haki ya Mungu sikuangalia."

"Jina limewekwa na mashine. Sahihi je?"

"Sahihi niliweka mimi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu usingekituma kamwe! Najua una aibu. Wakulima wanateseka, kiraka kimelala. Nikaona nikusemee."

"Aibu yangu si ruhusa yako, Gilbert."

"Nitasahihisha. Nitamwandikia msimamizi sasa hivi, nimweleze—"

"Usiniandikie tena chochote! Jibu la swali lake ninalo mimi. Nitajibu mwenyewe."

Akakata simu. Domitila, aliyekuwa amesikia yote, alizima feni ili karatasi zisipeperuke na kusogeza kiti.

"Unalia?"

"Hapana."

"Vizuri. Mwache ajue huyo. Lakini, mdogo wangu, kama unataka kulia, steshenari hii ina karatasi laini za kutosha."

Felisita hakulia. Alimaliza mwaliko wa mteja, akaukabidhi, kisha akakaa mbele ya kompyuta, mgongo umenyooka. Kwa Kiingereza chake cha chuoni aliwaandikia watu asiowafahamu, walio katika nchi ambazo huenda hazijawahi kusikia neno Bariadi. Aliandika kwamba kiraka hicho amekiandika yeye na kilitumwa kwa jina lisilo lake. Akalijibu swali: mashine inapolala, kazi inayosubiri inaweza kuamka katikati na kushika kumbukumbu iliyokwisha kurudishwa, hivyo lazima ifutwe kwanza. Akabonyeza kutuma.

Mtu wa kwanza kujibu hakuwa msimamizi. Alikuwa mtengenezaji mwingine, na alikuwa mkali kama alivyoogopa. *Jina lako hatujawahi kuliona hapa. Nkinda tunamfahamu. Kwa nini tukuamini wewe?*

Felisita wa miaka yote angefunga ukurasa. Felisita wa siku ile alivuta pumzi, akatafuta kwenye simu ile picha ya kituoni, akaiambatisha. Mistari meupe ilisomeka vizuri, na chini kwenye kona kidole chake mwenyewe kilionekana kimeifunika swichi. *Hamjawahi kuniona kwa sababu sijawahi kuandika,* alijibu. *Sasa nimeandika. Hiki ndicho kifo cha kerneli kilichonifanya niandike kiraka. Niulizeni lolote juu ya dreva hii.*

Waliuliza. Jioni yote waliuliza, na yeye akajibu, Domitila akimletea chai na maandazi kana kwamba anamhudumia bondia.

Huko Nyashimo, Gilbert alikuwa akiisoma kila barua. Alikuwa ameandika barua ndefu ya kujieleza na kumtetea, yenye aya nyingi nzuri. Aliisoma tena, akaona kwamba alikuwa anamsemea upya. Aliifuta yote. Aliyotuma yalikuwa mafupi: *Anachosema Felisita Luhende ni kweli. Niliweka sahihi kwenye kazi isiyo yangu. Ni kosa langu.*

Aliyatuma akijua kwamba katika ukurasa ule barua haifutiki, na kwamba kila atakayelitafuta jina lake ataikuta.

Asubuhi msimamizi alikuwa ameandika kwa ufupi. *Nimekiondoa kwenye foleni. Felisita, tuma upya kwa jina lako.*

*

Gilbert hakupiga simu. Wiki ile ilipita, ikaja nyingine. Felisita alisema ni afadhali, kisha akawa anaitazama simu kila inapowaka, kisha akakasirika kwa kuitazama.

"Si umemkataza kukuandikia?" Domitila alimuuliza. "Sasa mtu wa watu ametii, nako ni kosa?"

"Sijasema ni kosa."

"Uso wako umesema."

Siku aliyotuma kiraka upya, Felisita alikisoma mara ya mwisho. Jina la mwandishi lilikuwa lake. Sahihi ilikuwa yake. Watengenezaji wana desturi moja zaidi: chini ya sahihi huongeza jina la aliyejaribu kiraka kwenye mashine halisi na kukiona kinafanya kazi. Hakuna anayelazimishwa. Felisita alikaa akiutazama mstari ule mtupu. Alikumbuka simu za Nyashimo, mizani baada ya mizani. Hayo nayo yalikuwa kweli, na yeye asingelificha jina la mtu juu ya kazi aliyoifanya.

Akaandika: *Imejaribiwa na: Gilbert Nkinda.* Akatuma.

Simu iliita kabla chai yake haijapoa.

"Mwangaluka," sauti ilisema, kwa woga.

"Mwangaluka."

"Nimeuona mstari."

"Ulijaribu. Ni haki yako."

"Feli, ni haki tu?"

Felisita alimgeukia Domitila, ambaye ghafla alikuwa na shughuli nyingi sana na kikokotoo.

"Umekula?" Felisita aliuliza.

"Bado," Gilbert alisema. "Niko hapa nje ya duka lenu. Nimesimama tangu kabla hujatuma. Naogopa kuingia."

Alikuwa amevaa lile shati la bluu, ila safari hii lilikuwa limekunjamana lote. Felisita alisimama mlangoni, mikono kifuani.

"Nilikosea," Gilbert alisema. "Sina maelezo."

"Afadhali."

"Nina ombi. Nataka kwenda Nkoma kuzungumza na wazee wako. Nakuuliza wewe kwanza."

Pikipiki zilipita, vumbi likapanda na kutua.

"Njoo," alisema. "Lakini mkizungumza nitakaa hapo hapo. Sitajificha jikoni."

*

Wazee walishangaa kumkuta binti yao sebuleni, amekaa kwenye kigoda, amevaa lile gauni la maua ya njano. Elia, mjomba aliyekuja kumsemea Gilbert, alieleza vizuri ujumbe wao. Baba mkubwa Mahona, aliyeshika nafasi ya marehemu baba yake Felisita, alikohoa akauliza ikiwa binti ameridhia.

"Huyu tangu mdogo ana aibu," sengi Salu, shangazi yake, alidakia haraka. "Mimi ndiye ninayemfahamu. Nawaambieni, ameri—"

"Sengi, wabeja," Felisita alimshukuru. "Nitajibu mwenyewe."

Mama yake aliacha kupepeta mchele kule uani. Wengine walimgeukia Gilbert, wakitegemea atalainisha mambo kwa neno moja la busara, lakini Gilbert aliitazama sakafu, mdomo ameufunga.

Felisita alisimama.

"Nimeridhia. Nampenda. Na nitaendelea kuitwa Luhende, hata nikiolewa, kwa sababu ndilo jina lililo kwenye kazi yangu."

Baba mkubwa akamgeukia mgeni.

"Na wewe, kijana, ulikuwa unajua hayo?"

"Hapana, baba," Gilbert alisema, na sasa ndipo alipoinua macho, yamejaa furaha. "Nami nilikuwa nalisubiri jibu lake, kama ninyi."