Prisca na Njia ya Baba Mkwe

Prisca alikuwa na ndoto moja iliyomjia mara nyingi. Katika ndoto hiyo alikimbia juu ya Ziwa Nyasa. Maji yalikuwa magumu kama sakafu, na miguu yake haikuzama. Akiamka, alicheka peke yake.

Prisca ni mkulima wa kakao hapa Matema. Ana mume, Eliud, na watoto wawili. Kila alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala juu ya ziwa, alikimbia ufukweni. Jirani zake walimtania, "Mama mzima, unamkimbia nani?"

"Simkimbii mtu," alijibu. "Nikikimbia, moyo wangu unatulia."

Mwezi wa sita mguu wa kulia ulianza kuuma, nyuma, juu kidogo ya kisigino. Kila asubuhi ulikaza. Alishuka kitandani akitembea kama bata. Hakumwambia mtu, akaendelea kukimbia. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua. Siku moja Eliud alimkuta ameshika ukuta ili avuke kizingiti.

"Ni mshipa huo," alisema Eliud. "Nitaukanda kwa maji ya moto, nitauvuta, utarudi mahali pake."

Alikanda kwa nguvu zake zote, maskini, kwa mapenzi. Kesho yake uvimbe ukaongezeka. Prisca akalia. Hakulilia maumivu. Aliogopa kwamba hatakimbia tena.

Wakaenda hospitali. Huko walimkuta Adela, mtaalamu wa mazoezi tiba, mwenyeji wa Bukoba. Aliugusa mguu taratibu.

"Pole, dada. Shika hii nyama iliyojaa hapa nyuma. Unaiitaje?"

"Kigimbi."

"Vizuri. Kigimbi kimeungana na kamba hii ngumu, nayo imeshika mfupa wa kisigino. Kamba hii ni kano. Kigimbi kikijikaza kinavuta kano, kisigino kinanyanyuka, nawe unasonga mbele. Kano yako imechoka, lakini haijakatika. Unakimbilia wapi?"

"Ufukweni, kwenye mchanga laini."

"Ndiyo maana! Kwenye mchanga laini kisigino kinazama. Kano inavutwa mno, na kigimbi kinafanya kazi zaidi. Kwa nini usikimbie barabarani?"

Prisca akainama. Eliud akamjibia. "Alfajiri barabara ni ya baba yangu. Anaipita akienda shambani."

"Kwani ameinunua?"

Hata Prisca alicheka. "Hapana, dada. Kwetu mkamwana hakutani na baba mkwe. Hatusalimiani, hatutazamani. Nikimwona, natoka njiani. Ni heshima."

"Basi heshima ibaki," alisema Adela. "Lakini mchanga uuache. Kano iliyochoka inaweza kukatika. Ukisikia ghafla kama umepigwa jiwe nyuma ya mguu, ukashindwa kusimama kwa vidole, njoo siku hiyohiyo. Na wewe shemeji, usikande tena, usivute."

"Sasa nilale tu?" aliuliza Prisca.

"Hapana. Kano hupata nguvu kwa kazi ya polepole. Shika ukuta. Inua visigino vyote viwili. Shusha taratibu. Fanya hivyo mara kumi na tano, pumzika, kisha rudia mpaka zamu tatu. Baadaye utatumia mguu mmoja, halafu utabeba mzigo. Maumivu madogo yanavumilika. Yakizidi asubuhi inayofuata, punguza."

"Kwa siku ngapi?"

"Miezi mitatu, pengine zaidi."

"Ndaga fijo," Prisca alishukuru, ingawa miezi mitatu ilimtisha.

Alianza. Kila jioni alisimama mlangoni, akapanda na kushuka kwa visigino, macho yake ziwani. Watoto walimhesabia. Baada ya wiki kadhaa alibeba mgongoni begi lenye kilo tano za mchele. Mguu uliacha kukaza asubuhi. Lakini angekimbilia wapi?

Eliud alimwendea baba yake, Mzee Angetile, akamweleza yote. Mzee alichora ardhi kwa fimbo.

"Miaka yote hii nasikia mtu akikimbia mchangani," alisema. "Kumbe alikuwa ananipisha mimi." Akasimama. "Mwambie mama wa wajukuu wangu, barabara ni yake mpaka jua litoke. Mimi nitapita ufukweni. Sikimbii, mchanga hautaniumiza."

Mwezi wa kumi Prisca alirudi kukimbia, sasa barabarani, na safari hii alivaa raba. Mwanzo alitembea dakika tano, akakimbia moja, akatembea tena, kama Adela alivyomwelekeza. Wiki baada ya wiki aliongeza kidogo kidogo.

Alfajiri moja ukungu ulifunika ziwa, migomba na milima. Prisca alikimbia bila kuona mbele wala nyuma. Barabara ilikuwa ngumu chini ya miguu yake. Hakuna kilichozama. Alijiuliza kama yuko macho au yuko ndotoni.

Kutoka ufukweni mtu alikohoa mara mbili. Prisca aliijua sauti hiyo. Zamani angejificha kwenye migomba. Safari hii hakutoka njiani. Hakuweza kumwita mzee, wala kumshukuru kwa maneno. Basi aliongeza mwendo, ili hatua zake zisikike mpaka kule mchangani.