Maneno Ambayo Dada wa Radi Hakuyasema

Shaaban alitoa siri ya mchumba wake mbele ya banda zima la video pale Rasbura, na watu wakampigia makofi.

Kazi yake ilikuwa kutafsiri sinema kwa kipaza sauti. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini mdomo alijaliwa. Miji ya Wazungu aliipa majina ya kwetu, jambazi akakimbilia Kinjumbi, polisi wakatokea Kilwa, na watazamaji walimpendea hilo hilo. Ijumaa ile ilikuwa uzinduzi wa "Dada wa Radi", tamthilia mpya iliyochomolewa kwenye ile ya Radi, shujaa anayeruka juu ya magorofa. Safari hii nyota ni dada yake.

Katikati ya sehemu ya kwanza, dada akavua barakoa, akakaa mbele ya mama yake, akaanza kulia huku anaongea mfululizo. Shaaban hakuambulia hata neno. Banda limenyamaza, linamsubiri yeye.

"Mama," akasema kwenye kipaza sauti, "mwaka ule niliokaa Rondo kwa shangazi, sikwenda kujifunza cherehani. Nilikwenda kuzaa. Mtoto alilia mara moja tu, akanyamaza. Tukamzika nyuma ya mikorosho."

Akina mama wakafuta macho kwa kanga.

"DJ, leo umetuua!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma.

Asubuhi yake Faustino, fundi simu anayechambua tamthilia Facebook, akaandika:

"UCHAMBUZI: DADA WA RADI. Picha safi, mapigano ya wastani. Radi mwenyewe anapita tu kama mgeni wa harusi, kwa hiyo aliyemfuata yeye ameliwa nauli. Dada mtu anaibeba kazi vizuri, nampa nyota tatu kati ya tano. Ila DJ Shaaban katuchezea. Nimeiangalia yenye maandishi chini. Pale dada anapolia, anaomba msamaha kwa kuunguza mtambo wa umeme. Hakuna mtoto. Hakuna shangazi. DJ, hayo uliyatoa wapi?"

Maoni yakaanza kushuka.

"Kuna binti wa mtaa wetu alikaa Rondo kwa shangazi, akarudi na cherehani."

"Si Warda wa Mzee Abdulatifu?"

"Na anayemuoa si DJ huyo huyo? Basi jibu mnalo."

Shaaban akampigia simu.

"Faustino, futa."

"Nifute nini? Nimechambua tamthilia, sijachambua mtu."

"Kaka, nakuomba kwa jina la Mungu, futa."



"Ina maana ni kweli?"

"Futa kwanza!"

"Nafuta. Lakini watu wameshaipiga picha, Shaaban. Inazunguka kwenye magrupu."

Kabla hajaiweka simu chini, ujumbe wa Warda ukaingia: "Njoo nyumbani. Baba ameshasoma."

Mzee Abdulatifu alikuwa barazani peke yake.

"Shikamoo, baba."



"Nina swali moja, Shaaban. Maneno yale uliyatunga?"

Shaaban akaona kamba ya kujiokoa, akaidaka.

"Ndiyo, baba. Niliyatunga. Leo hii hii nitatangaza kwenye kipaza sauti."

"Basi yameisha. Nitawaambia watu mkwe wangu hana breki ya mdomo, binti yangu hana kosa. Warda! Toka nje."

Warda akatoka na gauni la mteja begani, sindano bado imening'inia kwenye uzi.

"Nimesikia, baba."

"Na wewe sema hivyo hivyo. Sema ni uongo, mwanangu. Wallahi sitauliza tena."

Mzee alikuwa anaomba. Shaaban hakuwahi kumsikia akiomba kitu kwa mtu.

Warda akamgeukia mchumba wake.

"Sikukutaja jina," Shaaban akanong'ona.

"Jina ndilo pekee uliloniachia. Mengine yote uliyamaliza."

"Niliishiwa maneno, Warda. Watu wote wananitazama mimi."

"Siku nilipokusimulia, ulilia. Nikasema, nimempata mwanamume wa kulia na mimi. Kumbe ulikuwa unakariri."

"Nisamehe. Baba ametupa njia, tupite. Sema neno moja tu, tuoane, yaishe."

"Niseme mwanangu ni uongo?"

"Si uongo wa kweli. Ni wa kuwafunga watu midomo."

"Mimi ndiye niliyemwosha, Shaaban. Nilimwona vidole."

Akamgeukia baba yake.

"Alikuwepo, baba. Nilimpa jina la mama yako. Siti."

Mzee Abdulatifu akashika ukuta. Kisha akaingia ndani polepole, akafunga mlango, na wote wawili wakasikia komeo.

"Baba!" Warda akagonga. "Baba, nifungulie!"



Shaaban akasogea. "Twende kwetu. Mama atakupokea."

"Na mama yako tayari anayajua yote, si ndiyo? Alikuwepo bandani."



Jioni Warda alifika Rondo kwa shangazi yake na nguo alizovaa tu. Wajomba wa Shaaban walirudishiwa barua yao ya posa na mtoto wa jirani, bila salamu.

Mkitaka hesabu ya sehemu moja ya tamthilia, ni hii. Shaaban hana mke. Warda hana mume, hana wateja, na kwao hakanyagi. Mzee Abdulatifu hana binti ndani ya nyumba, na mjukuu wake alimpata na kumkosa kwa pumzi moja.