Kiti Chenye Jina la Orrin

Kiti kilikuwa na joto. Lorna Bidwell alikigusa asubuhi, kabla jiko la karakana halijawashwa, barafu ikiwa bado imeganda kwenye vioo vya madirisha. Joto lilikuwa katikati tu, pale mtu anapokalia.

"Orrin, ulikaa hapa?"

"Nimekaa saa ngapi, mke wangu? Nimetoka kitandani sasa hivi, tena umenivuta miguu."

Miaka thelathini mume na mke hao walikuwa wakitengeneza kwa mkono nakala za samani za walowezi wa kwanza. Orrin alichonga, Lorna alipaka rangi na mafuta. Kiti hiki cha mwaloni walikinakili kutoka kiti cha zamani kilichomo katika nyumba ya kale ya mji, inayotunzwa na Bi Thirza Goodrich. Orrin alinakili karibu kila kitu, hata mguu mmoja ambao fundi wa zamani aliukata mfupi.

Siku ya tatu, sehemu za kuwekea mikono zilikuwa zimelika. Kuzeesha mbao ilikuwa kazi ya Lorna, kwa majivu na kitambaa, na ilimchukua wiki nzima. Kiti hiki alikuwa hajakianza.

"Kinazeeka chenyewe," alisema.

"Basi kimekuzidi akili. Wewe unakataa kuzeeka." Orrin alicheka kidogo, kisha akaketi kwenye ndoo kupumzika. Alikuwa amebeba randa moja tu.

Tangu hapo alichoka. Alilala mchana, akaamka amechoka, akaacha chakula kwenye sahani. Daktari alimpima damu asione kitu. Kila uchovu ulipomzidi, mwaloni ulizidi kung'aa, na karakana ilinuka sufu iliyolowa na tumbaku, ingawa hakuna aliyevuta. Lorna alipokuwa peke yake akichanganya rangi, alisikia nyuma yake mbao zikilia taratibu, kama zinavyolia mtu mzito anapoketi, halafu pumzi ndefu ya mtu aliyetembea mbali na hatimaye amepata mahali, na hakuthubutu kugeuka, akaendelea kukoroga rangi ileile mpaka ikakauka koponi, kwa sababu alijua kwamba kama angegeuka angelazimika kukisalimu.

Alimwita Bi Thirza. Mama huyo wa miaka themanini na mbili aliinama kwa shida, akachungulia chini ya kiti.

"Ua liko wapi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ua gani, bibi?"

"Lililochorwa kwa bikari. Petali sita ndani ya duara. Kile cha kwetu kinalo."

Orrin alijibu kutoka kwenye ndoo yake. "Nililiona. Nikadhani mtoto alikuwa anacheza, nikaliacha. Hapo ndipo ninapopiga chapa yangu."

Ilikuwa desturi yake. Kila nakala aliichoma jina lake kwa chuma cha moto, asije mtu akaiuza kama ya kale. Hakuwahi kumdanganya mteja.

"Wazee walichora lile ua ili mwenye kiti asirudi kukikalia," alisema Bi Thirza. "Wewe umemtengenezea kiti chake kilekile, ukauacha mlango wazi, na mahali pa kufuli ukaandika jina lako. Sasa anakukalia wewe, mwanangu."

"Tukichome moto," Lorna alisema.

"Jina la mumeo limo humo. Utamchoma naye."

"Basi nitalikwangua."

Alikigeuza kiti, akachukua patasi. Alikwangua chapa mpaka herufi zikatoweka, akapuliza vumbi, na chini yake jina lilikuwa palepale, jeusi, limeshuka ndani zaidi ya chuma chochote. Akakwangua tena, na tena, na kila alipopitisha patasi Orrin aliguna nyuma yake kama anayenyofolewa nyama, mpaka Bi Thirza akamshika mkono.

"Acha. Utammaliza."

"Na ua? Nikilichora sasa?"

"Amekwisha kuingia. Utamfungia mumeo ndani pamoja naye."

Orrin alikuwa ameegemea ukuta, midomo imekauka. "Mke wangu, acha tu. Nimechoka kweli."

"Nyamaza wewe," Lorna alisema, lakini kwa upole. Akamtazama bibi. "Uzito wake ukibebwa na wawili?"

Bi Thirza alifunga vifungo vya koti lake, kimoja kimoja. "Utakuwa nusu kwa kila mmoja. Lakini hauishi."

Lorna hakuwa na chapa yake. Miaka yote hiyo hakuwahi kuandika jina popote. Alichukua ncha ya kisu, akachonga LORNA pembeni mwa jina la mumewe, polepole, herufi zikipinda. Mbao zililia mara moja, kama mtu anayesogea ili akae vizuri.

Saa kumi na mbili jioni Orrin alikula bakuli mbili za supu ya chaza, akaomba mkate. Lorna alimtazama akila. Kisha akasimama kwenda juu kulala, akafika ngazi ya nne, akakaa.

"Kuna nini?" Orrin aliita.

"Hamna kitu," alisema. "Napumzika."

Nyuma ya mlango wa karakana, kitu kizito nacho kilishusha pumzi.