Kisahani Kilichobaki Katika Beseni

Ilikuwa siku ya Jumanne, tarehe 4 Machi mwaka 1958, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi. Manyunyu yaliyoanza alfajiri yalikuwa yamekatika, lakini upande wa mashariki, njia ya kwenda Songwa, mawingu mazito yalikuwa bado yametanda. Limi Maganga, msichana wa miaka kumi na mitatu, mwanafunzi wa darasa la sita, alikuwa akifagia karakana ya baba yake huko Ngokolo, mjini Shinyanga, kama alivyofanya kila siku kabla ya kwenda shule.

Alipomaliza kufagia alizipanga spana kwa ukubwa, kisha akainua beseni la mafuta mazito ili ayarudishe debeni. Mafuta yalipokuwa yakimiminika, kitu kiligonga ukingo wa beseni. Akatia mkono. Kilikuwa kisahani chembamba cha chuma, kipana kama kiganja, chenye tundu katikati na meno ndani ya tundu.

Limi alikitazama kisahani, akaitazama pikapu iliyosimama chini ya banda, kisha akakitazama kisahani tena. Jana jioni visahani vyote vilikuwa vimeingia ndani ya gari. Hiki kimetoka wapi?

Pikapu hiyo ilikuwa ya zahanati ndogo iliyokuwa ng'ambo ya mbuga, maili tisa kutoka mjini. Mganga wa zahanati, Bwana Eustace, ndiye aliyeiendesha alipowapeleka wagonjwa hospitali. Wakati wa mvua, udongo mweusi wa mbuga ile hunata kama ulimbo, na miezi mitatu kabla ya siku hiyo pikapu ilikwama humo kutwa nzima. Bwana Eustace akaagiza kutoka Nairobi difu ya aina mpya, yaani chombo kile cha nyuma kinachogawa nguvu ya injini kwa magurudumu mawili. Maganga, aliyejifunza ufundi jeshini wakati wa vita, akapewa kazi ya kuifunga.

Limi alimsaidia baba yake siku tatu, na siku zote tatu alikuwa na swali lile lile.

"Baba, kwa nini gurudumu lililo matopeni lizunguke bure, na lile lililo pakavu lisimame? La pakavu ndilo lenye uwezo wa kusukuma."

"Gari likipinda kona," Maganga alimjibu, "gurudumu la nje husafiri njia ndefu kuliko la ndani. Difu huyaruhusu yatofautiane. Lakini difu ya zamani haitambui hii ni kona au ni tope. Hupeleka nguvu palipo rahisi."

"Basi ni jinga."

"Si jinga. Inatii mno. Hii mpya ina visahani vinavyobanana. Gurudumu moja likitaka kukimbia peke yake, visahani huliunganisha na mwenzake, yakaenda pamoja."

Limi aliitikia kwa kichwa, ingawa hakuwa ameelewa hata nusu.

Kazi yake ilikuwa kuviloweka visahani katika mafuta na kumpa baba yake kimoja kimoja, vinane kwa kila upande. Jumatatu jioni, Maganga akiwa amelala chali chini ya gari, aliuliza, "Vimetimia?" Limi alitupa jicho katika beseni, asione kitu juu ya mafuta, akajibu, "Vimetimia, Baba."

Hakuwa amehesabu. Limi alikulia kwa babu yake, mfugaji, na babu yake hakuhesabu ng'ombe hata siku moja. Jioni alisimama mlangoni pa zizi, akaangalia sura na rangi: mweusi mwenye baka, mwekundu wa pembe iliyovunjika, yule mweupe mvivu. Asipomwona mmoja, alijua mara moja ni nani. Limi alijifunza kazi hiyo mapema, akaifanya vizuri kuliko binamu zake. Na hivyo ndivyo alivyoviangalia visahani.

Saa moja kamili Bwana Eustace aliingia akiwa amevaa buti.

"Shikamoo, Bwana Mganga," alisema Limi, mkono wenye kisahani ukiwa nyuma ya mgongo.

"Marahaba, mwanangu. Fundi, gari limekubali?"

Maganga alikuwa ameinua gurudumu moja kwa jeki. Alilizungusha kwa mikono, nalo likazunguka. Alisita, akalizungusha tena, likazunguka kwa wepesi ule ule. Alikunja uso kama mtu aliyesahau jina la jirani yake.

"Limekubali," alisema hatimaye. "Nadhani ndivyo hizi mpya zilivyo."

"Vema. Leo namleta Paskazia, mke wa Cornel. Mtoto wake wa kwanza alifia tumboni kwa sababu tulikwama njiani. Safari hii nimempa ahadi kwamba atajifungulia hospitali, si matopeni. Siku zake zimefika."

Limi aliyasikia maneno hayo yote. Alitaka kusema, lakini angesema nini? Huenda kisahani hiki ni cha akiba. Huenda ni cha difu ya zamani. Lakini difu ya zamani haikuwa na visahani. Huenda kilitumwa kwa makosa. Alipokuwa angali akijiuliza, injini iliunguruma, na pikapu ikatoka barabarani.

Shuleni hakuandika hesabu hata moja. Wakati wa mapumziko ya saa nne alimwonyesha kisahani mwanafunzi mwenzake, Jilala, mtoto wa mwashi.

"Ah, fundi wa kike," alisema Jilala, akikigeuzageuza. "Umeiba roho ya gari?"

"Usinicheke. Kimebaki, nami sijui kwa nini."

"Kubaki si ajabu. Baba yangu akimaliza nyumba hubaki matofali mpaka tunayajengea banda la kuku. Jenga banda la kuku, Limi."

Wenzao wawili walicheka. Limi hakucheka.

"Matofali huagizwa kwa kukisia," alisema polepole. "Hivi vilikuja vimehesabiwa. Kama kiko mkononi mwangu, basi mle ndani hakimo."

Alilisikia neno hilo likitoka kinywani mwake, ndipo alipolielewa. Alimpokonya Jilala kisahani, akakimbia hadi karakana bila kuomba ruhusa, kosa ambalo kwalo aliadhibiwa kesho yake, tena kwa haki.

Maganga alikipokea kisahani kwa vidole viwili.

"Ulikiona saa ngapi?"

"Asubuhi, Baba. Kabla Bwana Mganga hajafika."

"Ukanyamaza."

"Nilichanganyikiwa. Sikujua ni cha nini."

"Hilo tutalizungumza. Leta boksi la spana na turubai."

Walikwenda kwa baiskeli, Limi akiwa nyuma na boksi magotini, maili sita za barabara ya changarawe. Mvua ilikuwa imenyesha huko mbele. Waliikuta pikapu ukingoni mwa mbuga, bado ikiwa safarini kwenda zahanati. Gurudumu la kulia lilikuwa limezama na kuzunguka bure, likirusha matope. La kushoto lilikuwa juu ya ardhi ngumu, limetulia kabisa.

Bwana Eustace alizima injini. Suruali yake ilikuwa nyeusi mpaka magotini.

"Fundi, nilisubiri difu hii miezi miwili. Mbona naona mambo yale yale? Hebu nieleze, maana mimi sielewi."

Maganga alifungua kinywa, lakini Limi alitangulia kushuka. Alinyoosha mkono wenye kisahani.

"Bwana Mganga, hiki kilibaki katika beseni. Niliulizwa kama vimetimia, nikasema vimetimia, nami sikuhesabu. Asubuhi nilikuwa nacho mkononi ulipokuwa ukizungumza habari za Paskazia. Sikusema."

Bwana Eustace alikitazama kisahani, kisha akamgeukia Maganga.

"Na mimi pia," alisema Maganga. "Gurudumu lilizunguka kwa wepesi nisioutazamia. Nilitia shaka, nikaona haya kusema sijui. Mtoto alinyamaza mara moja, nami mara moja."

"Nilidhani nyinyi ndio mnaojua," alisema Bwana Eustace. Hakupaza sauti, na kwa sababu hiyo maneno yaliwachoma zaidi. "Paskazia ananingoja. Tufanye nini?"

Karibu na hapo mzee mmoja aitwaye Maduhu alikuwa akilima kwa plau na ng'ombe wanne. Maganga alimwendea, akamwamkia kwa Kisukuma, "Mwadila, mzee," na kumweleza shida. Maduhu aliwafungua ng'ombe kutoka kwenye plau, akaja nao bila haraka.

"Nasikia gari hili lina nguvu za farasi sabini," alisema huku akifunga mnyororo. "Mimi nina ng'ombe wanne, na mmoja ana kiburi. Tuone."

Ng'ombe waliivuta pikapu kinyumenyume hadi kwenye ardhi ngumu. Maduhu alipofungua mnyororo, hakuwa akitania tena.

"Nusu siku ya kilimo imenipotea. Nitaidai."

"Utalipwa, mzee," alisema Maganga.

"Nitalipa mimi," alisema Limi.

Maduhu aliitazama mikono ya Limi, akawaswaga ng'ombe wake kurudi shambani.

Maganga alitandika turubai chini ya gari, akamwaga mafuta, akachomoa ekseli na kuifungua difu. Safari hii Limi alivipanga visahani juu ya kitambaa na kuvihesabu kwa sauti. Upande wa kushoto vilikuwa vinane. Upande wa kulia vilikuwa saba, vimelegea bila kubanana. Aliongeza kile cha nane, baba yake akahesabu, na Bwana Eustace, bila kuombwa, akahesabu mara ya tatu.

Ilipofika saa kumi na moja kazi ilikwisha. Gurudumu lililoinuliwa halikukubali kuzungushwa kwa mikono, ikabidi Maganga alilazimishe kwa mtaimbo. Lakini Bwana Eustace alipoligeuza gari, kitu fulani kilikoroma huko nyuma.

"Baba, inalia," Limi alisema kwa hofu.

Maganga alisikiliza. "Inalia. Bwana Mganga, sijui kama imeumbwa kulia au la. Nakuambia wazi kwamba sijui. Nenda polepole. Ukirudi, tutaifungua."

"Sasa nimekuamini," alisema Bwana Eustace.

Pikapu iliingia mbugani. Palepale ilipokwama mwanzo gurudumu la kulia lilizama tena, na Limi alishika shavu. Gari lilisita. Kisha gurudumu la kushoto likasukuma, na gari zima likajikwamua na kuendelea mpaka likapanda ng'ambo ya pili.

Walirudi wakiisukuma baiskeli, maana tairi lilikuwa limetoboka.

"Sasa tuzungumze," alisema Maganga. "Kwanza, ng'ombe ana sura, chuma hakina. Vitu vinavyofanana huhesabiwa. Hilo ni kosa la kutojua, nami nakusamehe. La pili ni zito. Ulichanganyikiwa, na kuchanganyikiwa si kosa. Mimi nimechanganyikiwa na difu hii siku tatu. Kosa ni kuuficha mkanganyiko huo wakati mtu mwingine anapanda gari akidhani sisi tunajua. Siku nyingine usingoje mpaka uelewe ndipo useme. Sema kwamba hujaelewa."

"Nimesikia, Baba."

"Nami nimeyasikia maneno yangu mwenyewe," alisema Maganga.

Jumatano asubuhi Paskazia alifikishwa hospitali, na Alhamisi alijifungua mtoto wa kike. Difu ilifunguliwa wiki hiyo hiyo. Ilikuwa nzima. Bwana Eustace alitaka kulipia kazi ya pili, lakini Maganga alikataa kupokea chochote.

Jumamosi mbili zilizofuata Limi alikwenda kwa Mzee Maduhu na jembe lake, akalima matuta ya viazi kuanzia asubuhi mpaka jua la utosi. Jumamosi ya pili, Maduhu alitembea shambani mikono ikiwa nyuma, akasimama kwenye tuta la mwisho na kuligusa kwa mguu.

"Hili limepinda."

Limi alilibomoa, akalijenga upya. Mzee alilitazama kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Nusu siku yangu nimeipata," alisema. "Sikudai tena. Nenda nyumbani."