Kivuko Kisicho na Kelele

"Shangazi ameshapanda."

Sindano aliibana simu sikioni. Maana yake aliijua: mtu wa magendo ya dizeli alikuwa ndani ya kivuko, amekuja kuzichoma betri. Kivuko cha kwanza cha umeme, safari ya kwanza, abiria mia tatu. Na aliyeshika usukani alikuwa dada yake wa damu.

"Shangazi yukoje?"

"Hatujui," alijibu Mkuu wake wa idara ya usalama.

"Mwanamume? Mwanamke?"

"Usichukue hatua yoyote. Subiri maelekezo."

Simu ikazimika. Chaji imekwisha.

Sindano alitamani kuitupa majini. Kivuko kimejaa betri tumboni, na yeye hana chaji! Wiki nzima anaambiwa subiri, subiri, utadhani yuko foleni ya kuona daktari.

Hakusubiri.

Alishuka ngazi mbio hadi chumba cha betri. Makabati ya chuma, taa nyeupe, kimya. Katikati alisimama fundi mwenye ovaroli mpya, kadi ya kiwanda cha betri kifuani, spana mkononi.

"Vipi, kazi inaendaje?"

"SHWARI KABISA, DADA YANGU! MAJI YA KUPOZEA YANATEMBEA VIZURI!"

Walikuwa karibu kiasi cha kupeana mikono. Mbona anapiga kelele?

Akamkumbuka baba. Marehemu alizeeka kwenye injini za dizeli, na hata mezani aliomba chumvi kwa sauti ya kuita watu wa ng'ambo. Fundi wa betri angeupata wapi uziwi huo?

Sindano akainamisha uso asisomwe midomo, akanong'ona. "Kaka, una nge begani."

"EEH?"

Basi.

Bastola yake ya Glock ilikuwa kiunoni, lakini risasi moja humu ingemfanyia adui kazi yake. Sindano alimpiga teke la goti, spana ikaanguka, kiwiko kikamalizia shingoni. Jamaa akalala. Nyuma yake koki ya maji ilikuwa imefungwa, waya wa king'ora umekatwa, na mshale wa kipimajoto umeshaingia kwenye nyekundu.

Akaikamata koki. Ikagoma. Akaitukana, akaing'ang'ania kwa uzito wake wote. Ikazunguka. Maji yakaguruma bombani, na mshale ukaanza kurudi.

Kivuko kilipofika gatini, aliazima chaja kwa muuza tiketi, akampigia Mkuu.

"Shangazi yuko chumba cha betri. Nimemfunga pingu."

"Nilisema usubiri!"

Akakata simu.

Nahodha alikuwa anamngoja mlangoni, machozi yakimlenga.

"Nimeangaza macho safari nzima, sikuoni. Siku moja tu niliyokuomba uje unione nikiendesha! Mdogo wangu, una roho gani?"

Ukweli ulimfika Sindano hadi kwenye ulimi. Kiapo cha kazi kikaurudisha, na ulimuuma kuliko ngumi.

"Usingizi ulinipitia, dada."

Dada yake akasonya, akampa mgongo.

Sindano akavaa miwani yake ya Ray-Ban, akashuka taratibu pamoja na abiria.