Mvua Ambayo Haikupimwa

Kila siku saa moja asubuhi, kabla kengele ya shule haijalia, msichana mmoja wa darasa la sita alipiga magoti nyuma ya ofisi ya walimu na kusoma kipimamvua. Kilikuwa chupa pana ya plastiki iliyokatwa shingo, na ndani yake ilisimamishwa rula. Alisoma milimita, akaziandika kwenye daftari lenye jalada gumu, akamwaga maji na kuirudisha chupa mahali pake. Alikwenda hata Jumamosi na Jumapili, kwa kuwa mvua haina siku ya mapumziko. Wenzake walimwita Karani, naye alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa nyumbani.

Kazi hiyo haikuwa mchezo. Mwalimu wa jiografia alikuwa amewaeleza wanafunzi na wazazi kwamba tabianchi imebadilika. Mvua iliyokuwa ikinyesha kidogo kidogo wiki nzima, sasa ilikuja kwa nadra, na ikija ilimwagika yote kwa mara moja. Mtaa wao ulikuwa kwenye mteremko, na mtaro wa zamani haukuweza tena kubeba maji. Wakakubaliana kuchimba mpya kwa mikono yao. Wanafunzi wangepima mvua kwa miezi mitatu. Kisha mwashi wa mtaa angechukua siku yenye mvua kubwa kuliko zote na kuamua kina cha mtaro.

Aliyeusubiri mtaro huo kwa hamu zaidi ni rafiki yake Karani, msichana aliyeitwa Kibiriti kwa wembamba wake na kwa wepesi wake wa kuwaka. Nyumba yao, ya matofali mabichi, ilikuwa ya mwisho chini ya mteremko. Mama yake alikuwa mshonaji, na chumba cha mbele kilijaa sare za shule zilizongoja vifungo. Karani na Kibiriti walifanyia mazoezi yao ya shule chini ya meza ya kukatia vitambaa, na mara nyingi mshonaji aliwafukuza kwa kucheka kupita kiasi.

Ijumaa moja jioni mvua ilipiga hadi alfajiri. Jumamosi asubuhi kulikuwa na baridi tamu ya kulalia, na Karani akavuta shuka. Alijiambia kwamba atakwenda baadaye. Hakwenda. Jumapili aliikuta chupa imelala ubavu, haina hata tone. Kuku wa mlinzi wa shule walikuwa wamepita hapo.

Aliketi na daftari magotini. Katika miezi miwili na nusu hakuwa ameacha nafasi tupu hata moja. Aliona jinsi ambavyo wenzake wangemtania, na jinsi ambavyo jina la Karani lingehamia kwa mtu mwingine. Akaandika "28" kwenye nafasi ya Jumamosi, kwa mwandiko wake mzuri, akaisimamisha chupa, akaenda zake.

Siku ya kupanga kazi, wazazi walikusanyika uwanjani na majembe yao. Mwashi alipekua daftari na kutangaza kwamba siku kubwa kuliko zote ilikuwa na milimita thelathini na nne, hivyo mtaro wa kina cha goti ungetosha. Mzee muuza mkaa alipinga. Alisema mvua ya ile Ijumaa ilimtisha, kwamba mabati yake yalilia kama yanayong'olewa. Mwashi akamgeukia Karani na kumuuliza siku ile alipima ngapi.

Watu wote walimtazama. Kibiriti alikuwa amesimama karibu naye, amemshika mkono.

"Ishirini na nane," Karani alisema.

"Basi tusiyasikilize mabati, mzee wangu," mwashi alisema. "Mabati yana tabia ya kuongeza chumvi."

Watu walicheka. Kibiriti alicheka kuliko wote, akaongeza kwamba Karani hakosei, kwamba huyu hata akikohoa huandika. Kazi ikaanza. Kwa wiki tatu watu walichimba, wakabeba mawe, wakajenga kingo. Mtaro ukakamilika, umenyooka na kupendeza, wenye kina cha goti.

Mvua iliyofuata ilinyesha Jumatatu saa nane mchana, wanafunzi wakiwa darasani. Katika nusu saa mtaro ulijaa. Kwenye kona ya mwisho maji yaliruka ukingo na kuushambulia ukuta wa chumba cha mbele cha mshonaji. Yeye aliwahi kutoka nje. Ukuta uliangukia cherehani.

Karani alipofika mbio, alimkuta Kibiriti amechuchumaa kwenye tope, akisuuza shati la sare katika maji machafu. Kila aliposuuza, shati lilizidi kuwa jeusi, naye hakuacha. Karani alimwita. Hakuinua kichwa.

Familia ile ilihifadhiwa katika darasa moja la shule. Mtaani watu walitafuta wa kumlaumu, wakampata mwashi. Walimwita Bwana Goti. Watoto walipompita walijipapasa magoti na kuchechemea. Siku ya tatu ukaitishwa mkutano. Mwashi alisimama akiwa ameshika kofia yake, akasema kwamba hesabu ilikuwa yake na kosa ni lake. Akaomba mtaro ukichimbwa upya usimamiwe na mtu mwingine, kwa kuwa yeye hatashika tena mwiko katika kazi ya mtaa.

Karani alisimama. Alisema yote: shuka, kuku, chupa iliyolala, na namba aliyoitunga.

"Kwa hiyo siku ile ilinyesha kiasi gani?" mwashi aliuliza taratibu.

"Sijui. Hakuna anayejua."

Mwashi aliketi. Mshonaji alijifunika uso kwa khanga. Kibiriti alitoka nje bila kuufunga mlango.

Mtaro ulichimbwa upya, safari hii hadi kiunoni. Mwalimu alimwagiza Karani apige mstari juu ya ile namba na kuandika pembeni "haikupimwa". Kila alasiri alibeba mawe hadi viganja vikachubuka, na hakuna aliyemwita Karani tena. Lakini mshonaji hakuwa na cherehani wala chumba cha kufanyia kazi. Akaamua kuhamia kwa kaka yake, mji wa mbali.

Siku ya safari, msichana yule alimfuata rafiki yake hadi kwenye lori lililobeba godoro na masufuria yao. Alimwomba msamaha. Kibiriti aliendelea kupanga masufuria mpaka injini ikawashwa.

"Ungeandika tu kwamba hukwenda," alisema. "Ningekucheka siku moja, basi."

Lori likaondoka.

Mvua kubwa ilirudi baada ya wiki mbili. Maji yalishuka kwa kishindo, yakafika karibu na ukingo, na hayakuruka. Watu walipiga vigelegele. Msichana alisimama kwenye kona ya mwisho, mbele ya kuta tatu zilizobaki, akilia. Mwashi alikuja akasimama kando yake.

"Mwanangu," alisema, "kulala ni kosa dogo, na wote tumewahi kulala. Lakini daftari lile watu walilitumia kuchimbia. Ukiandika uongo mahali ambapo wengine wanategemea, hauishii kwenye karatasi. Unaingia katika majembe yao na katika nyumba zao. Usipojua, sema hujui. Ungesema hivyo, ningechimba zaidi kwa tahadhari."

Aliitikia kwa kichwa. Kisha akauliza kama Kibiriti atarudi siku moja.

Mwashi aliyatazama maji.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Ningependa kukuambia ndiyo. Lakini sijui."